Mvuto wa Jinsia Moja Unatokana na Nini? Maswali Wanayoniuliza Wazazi wa Tanga

Nilifundisha baiolojia katika sekondari za Tanga mpaka nikastaafu, na wazazi hawajaacha kunijia na maswali. Mengi ni ya sukari na presha. Haya ya hapa chini huulizwa mgeni akishaaga, amesimama mlangoni, kiatu kimoja kiko mguuni. Wanaoyauliza zaidi ni akina mama, wa Ngamiani, wa Makorora, wengine wanatoka Muheza na Pangani, na karibu wote wanakuja wakiwa wamekwisha kujihukumu: kijana wangu yuko hivi kwa sababu nilimlea vibaya. Hukumu hiyo haina ushahidi. Nimeandika ili kuwatua mzigo huo.

Suala la halali na haramu lina wenyewe, nami siingii kwenye elimu yao. Sheria ya nchi nayo inajulikana: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Ninachojibu hapa ni kitu kingine: mvuto wenyewe, ule moyo kumwendea mtu wa jinsia fulani, unatoka wapi, na wanasayansi wamepata nini katika kuutafuta.

Kwani mvuto na tendo si kitu kimoja?

Si kimoja. Mtu anaweza kuvutiwa maisha yake yote asifanye lolote. Mwingine hufanya bila kuvutiwa, kwa pesa, kwa kulazimishwa, au kwa sababu yuko gerezani. Utafiti wa chanzo unahusu mvuto unaodumu. Mwaka 1948 Alfred Kinsey wa Marekani aliupanga kwa kipimo cha 0 hadi 6: sifuri ni anayevutiwa na jinsia nyingine tu, sita ni anayevutiwa na jinsia yake tu, na katikati wamo watu pia. Ile asilimia 10 inayotajwa kila mahali ilitoholewa kwenye kazi yake, lakini watu aliowahoji hawakuwakilisha taifa zima. Tafiti za baadaye za nchi za Magharibi, zilizochagua watu kwa utaratibu wa takwimu, kwa muda mrefu zilipata chini ya asilimia 5.

Mwalimu, nilimkosea wapi katika malezi?

Hukumkosea, mama. Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi.

Wazo kwamba mama ndiye chanzo lilikuzwa na madaktari wa akili wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1962 Irving Bieber na wenzake wa New York walichapisha utafiti wa wanaume 106 wanaovutiwa na wanaume, wakahitimisha kuwa chanzo ni mama aliyemng'ang'ania mwanawe na baba aliyekaa mbali naye. Lakini wanaume wale wote walikuwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa akili, na waliojaza madodoso hawakuwa wao, walikuwa madaktari wao, watu ambao tayari waliiamini nadharia yenyewe. Ukimwuliza mtu swali ambalo jibu lake amekwisha kulipenda, atakupa lile lile.

Mwaka 1981 Alan Bell, Martin Weinberg na Sue Hammersmith walitoa matokeo ya mahojiano na watu zaidi ya 1,400 wa eneo la San Francisco, ambao hawakuokotwa kwenye kliniki. Walipima uhusiano na mama, uhusiano na baba, na mengine mengi ya utotoni. Mchango wa wazazi ukaonekana mdogo mno kuweza kubeba lawama. Na hata pale baba alipokuwa mbali, inawezekana sababu imesomwa kinyume. Baba akiona mwanawe hapendi mpira wala kukimbizana na wenzake, wakati mwingine yeye ndiye anayeanza kurudi nyuma. Umbali huo ni matokeo.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote ni wa watoto wachache waliozaliwa wavulana kwa kromosomu na kwa homoni, lakini kwa ajali ya tohara au kwa kasoro ya maumbile wakakosa uume. Madaktari wa zama zile waliamini malezi ndiyo kila kitu. Wakawafanyia upasuaji, wakawapa majina ya kike, wazazi wakaambiwa wawalee kama mabinti tangu uchanga. Mwaka 2016 Michael Bailey na wenzake walikusanya kesi 7 za namna hiyo ambazo mvuto wa utu uzima ulijulikana. Wote 7 walivutiwa zaidi na wanawake, kama wanaume walio wengi.

Tafakari hapo. Ikiwa gauni, hereni, jina la kike na upasuaji havikuweza kumfanya mtu aliyezaliwa mvulana avutiwe na wanaume, itakuwaje kosa lako la kumwacha mwanao akae jikoni akikukunia nazi?

Lakini tangu mdogo alipenda kucheza na wasichana. Hiyo haikuwa dalili niliyoipuuza?

Uhusiano upo, hilo silifichi. Wanaume wengi wanaovutiwa na wanaume wanakumbuka utoto wa namna hiyo. Mwaka 2008 Gerulf Rieger na wenzake waliomba video za nyumbani za watu wazima walipokuwa watoto, wakawaonyesha watazamaji wasiojua lolote. Kwa wastani, watoto waliokuja kuvutiwa na jinsia yao walionekana tofauti na wenzao hata katika umri mdogo sana. Nasema kwa wastani. Wapo wavulana wapole wapenda kupika ambao leo wana wake na watoto, na wapo mabaharia na wacheza ndondi wanaovutiwa na wanaume.

Mtoto wa miaka minne hajui mapenzi. Tofauti ikijitokeza katika umri huo, inaonyesha kuwa kilichotangulia kilitangulia mapema sana. Hakuna ulichokipuuza, na bakora isingezuia kitu zaidi ya kumfundisha kukuogopa.

Wanasema aliharibiwa utotoni. Ni kweli kwamba ndiyo sababu?

Swali hili nalijibu kwa uangalifu, kwa sababu lina watoto waliodhulumiwa ndani yake.

Tafiti kadhaa za watu wazima zinaonyesha kuwa wanaovutiwa na jinsia yao wanataja udhalilishaji wa utotoni mara nyingi zaidi kuliko wengine. Lakini walio wengi kati yao hawakudhalilishwa, na waliodhalilishwa walio wengi wanavutiwa na jinsia nyingine. Isitoshe, mtoto anayeonekana tofauti, mpweke, asiye na mtu wa kumsemea, ndiye ambaye mkosaji humlenga. Tofauti inaweza kuwa ilitangulia udhalimu.

Hapa kwetu zipo takwimu. Utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipata ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mvulana mmoja kati ya saba! Kama tendo lile lingekuwa linageuza mvuto moja kwa moja, idadi ya wanaume wanaovutiwa na wanaume ingekuwa kubwa kuliko inavyoonekana popote. Wavulana hao wanahitaji kulindwa na kusikilizwa kwa sababu wameumizwa, bila kujali watakuja kumpenda nani. Mara nyingi namwona mzazi akiogopa mtoto asije akawa shoga kuliko anavyomwogopa jirani aliyemuumiza, na jirani yule anaendelea kusalimiwa barazani.

Je, shule ya bweni, marafiki au simu vinaweza kumfundisha?

Tabia hufundishika. Mvuto unaodumu, ushahidi unasema vingine. Huko Papua New Guinea, Gilbert Herdt alichunguza kuanzia miaka ya 1970 jamii aliyoipa jina la Sambia. Katika jando lao, wavulana walitakiwa kwa miaka kadhaa kufanya vitendo vya kimwili na wavulana wakubwa. Ilikuwa lazima kwa wote, na ilihimizwa na wazee. Walipokua, karibu wote walioa na kuendelea na wanawake. Kama mazoea yangekuwa mwalimu wa mvuto, jamii ile nzima ingekuwa imehitimu.

Uingereza nako, utafiti mkubwa wa taifa wa miaka ya 1990 ulikuta kuwa waliosoma bweni za jinsia moja walitaja zaidi kuwa na uzoefu wa aina hiyo shuleni, ila utu uzima hawakutofautiana na wengine.

Simu inamwonyesha kijana kuwa hayuko peke yake. Ndiyo maana inaonekana kana kwamba wameongezeka.

Kuna jeni ya ushoga?

Hakuna jeni moja, yaani kinasaba kimoja, cha namna hiyo. Historia yake inafaa kujulikana kwa sababu magazeti yaliwahi kutangaza kinyume.

Mwaka 1993 Dean Hamer, wa taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani, alichunguza jozi 40 za ndugu wawili wa kiume ambao wote walivutiwa na wanaume. Jozi 33 zilishirikiana alama kwenye ncha ya kromosomu X, sehemu inayoitwa Xq28. Kromosomu hiyo mwanamume huipata kwa mama tu, kwa hiyo unaweza kukisia nani alilaumiwa tena. Mwaka 1999 George Rice na wenzake wa Kanada walirudia kwa jozi 52, wasione kitu. Mwaka 2015 Alan Sanders, akiwa na jozi 409, akaona tena ishara pale pale, na nyingine kwenye kromosomu ya 8.

Kisha ukaja utafiti wa vinasaba mkubwa kuliko hiyo yote. Mwaka 2019 Andrea Ganna na wenzake walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu 477,522, wengi wao wa Uingereza, waliobaki wa Marekani. Walipata sehemu 5 tu zenye uhusiano ulio wazi, na zote tano kwa pamoja zilieleza chini ya asilimia 1 ya tofauti kati ya watu. Walipojumlisha maelfu ya tofauti ndogo ndogo zilizosambaa kwenye kromosomu zote, mchango ukafika kati ya asilimia 8 na 25. Vinasaba vinachangia, basi, lakini vimetawanyika mno hata haiwezekani kusoma damu ya mtu ukasema huyu atavutiwa na nani.

Mimi nina lawama moja kwa kazi hiyo. Waliuliza kama mtu amewahi kulala na mtu wa jinsia yake hata mara moja. Hilo ni swali la tendo, na tumekwisha kuona kuwa tendo na mvuto si kitu kimoja.

Kama ni maumbile, mbona pacha wake hayuko hivyo?

Hili huulizwa na watu makini. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard walikuta kuwa mwanamume anayevutiwa na wanaume akiwa na pacha wa kufanana, asilimia 52 ya mapacha hao nao walikuwa hivyo. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa 22, na kwa ndugu wa kulelewa 11. Waliwapata watu wao kwa matangazo, na wenye pacha anayefanana nao kwa mvuto ndio waliojitokeza zaidi. Walipotumia daftari la mapacha la Australia, matokeo ya mwaka 2000 yakashuka hadi asilimia 20 kwa wanaume na 24 kwa wanawake. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 ulikadiria mchango wa vinasaba kuwa asilimia 34 hadi 39 kwa wanaume, na 18 hadi 19 kwa wanawake.

Kwa hiyo pacha mmoja kuwa hivi na mwenzake vile ndiyo hali ya kawaida. Tazameni mkonge wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62, vikapandwa upande wa Pangani. Vichipukizi vinavyoota juu ya mlingoti vina vinasaba vile vile vya mmea mama, bila kuchanganyika. Hata hivyo pita shambani uone: mmoja mnene, mwingine mwembamba, wa tatu umetoa mlingoti kabla ya wenzake. Udongo, maji na bahati vina sehemu yao.

Na watu wakisikia kwamba iliyobaki ni "mazingira" hudhani ni malezi. Wanasayansi wa mapacha huita mazingira kila kisicho kinasaba, pamoja na yaliyotokea tumboni. Mapacha wa kufanana wanaweza kuwa na kondo mbili tofauti, na mmoja akapata damu nyingi kuliko mwenzake. Huko mama hafiki kwa mkono wala kwa kemeo.

Nina wavulana watano, na wa mwisho ndiye yuko hivi. Kuna uhusiano?

Huenda upo, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa utafiti wote huu.

Mwaka 1996 Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walionyesha kuwa kila kaka mkubwa anaongeza uwezekano kwa takriban theluthi moja. Dada hawaongezi. Tuseme kwa mvulana asiye na kaka ni watu 2 katika 100. Mwenye kaka mmoja atakuwa kwenye 2.6 hivi, na mwenye kaka wanne, kama wa kwako, atafika kwenye 6. Maana yake, katika wavulana 100 wa tano, 94 bado watavutiwa na wanawake. Kwa hiyo wenye wana wengi msianze kuwahesabu kwa hofu.

Swali likawa: je, ni kulelewa katika kundi la wavulana? Mwaka 2006 Bogaert akalijibu. Alilinganisha kaka wa tumbo moja na kaka wa kambo au wa kulelewa. Waliokua nyumba moja na kaka wasio wa damu hawakuonyesha ongezeko. Waliokuwa na kaka wa tumbo moja walilionyesha, hata kama hawakulelewa pamoja. Basi jambo lenyewe linapita tumboni.

Dhana inayotajwa zaidi ni ya kinga ya mwili. Mimba ya mvulana ina protini zinazotokana na kromosomu Y, ambazo mwili wa mama hauna. Mwili unaweza kuziona ngeni, ukatengeneza kingamwili, na kila mimba ya mvulana ikauongezea kumbukumbu. Mama aliyewahi kuambiwa kliniki kuwa damu yake ni hasi, akachomwa sindano ili mimba ijayo isidhurike, anaujua mwenendo wa aina hii. Mwaka 2018 Bogaert na wenzake walipima damu ya wanawake 142, wakitafuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo NLGN4Y, inayopatikana kwenye ubongo wa mtoto wa kiume. Akina mama wenye mwana anayevutiwa na wanaume, na ambaye ana kaka, walikuwa na kiwango cha juu kuliko wenye wana wanaovutiwa na wanawake. Ila akina mama wa kundi hilo walikuwa 23 tu.

Mabishano hayajaisha. Mwaka 2022 Christine Ablaza na wenzake walipekua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 9 wa Uholanzi, wakaona athari ya kaka kwa wanaume na hata kwa wanawake. Mwaka 2023 Johannes Vilsmeier na wenzake wakasema hesabu zilizozoeleka zina kasoro, na kwamba athari ikihesabiwa vizuri ni ndogo mno au haipo. Nimezipima hoja za pande zote, nami naegemea kuwa ipo, lakini inawahusu wachache. Wapo wengi wanaovutiwa na jinsia yao wasio na kaka mkubwa hata mmoja.

Ana upungufu wa homoni za kiume? Nimpeleke hospitali ya Bombo akachomwe sindano?

Msimpeleke kwa ajili hiyo. Kwa wanaume wazima, kiwango cha testosteroni hakitofautiani kwa mvuto. Tangu miaka ya 1940 imejulikana kuwa ukimwongezea testosteroni unaongeza hamu tu, na hamu inaelekea kule kule ilikokuwa inaelekea. Kumpunguzia nako kuliwahi kufanywa kwa nguvu ya sheria. Alan Turing, Mwingereza aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani katika Vita vya Pili, alihukumiwa mwaka 1952 na akapewa homoni ya kike badala ya jela. Ilimharibu mwili. Akafa mwaka 1954.

Homoni za kabla ya kuzaliwa ni jambo tofauti. Wapo wasichana wanaozaliwa na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, inayowafanya wapate homoni nyingi za kiume wakiwa tumboni. Wakikua, wanaovutiwa na wanawake ni wengi zaidi kuliko kwa wasichana wengine, ingawa walio wengi bado wanavutiwa na wanaume. Homoni ya tumboni ina mchango, lakini haiamui peke yake.

Na wanyama je?

Huko Oregon, Marekani, Charles Roselli na wenzake wamechunguza kondoo kwa miaka mingi. Karibu asilimia 8 ya madume huchagua kupanda madume wenzao hata majike wakiwepo. Mwaka 2004 walionyesha kuwa kifundo kimoja cha seli kwenye ubongo wa madume hao ni kidogo kuliko cha madume wanaopanda majike. Kondoo hana simu wala shule ya bweni.

Nimesikia ubongo wao ni tofauti.

Mwaka 1991 Simon LeVay alipima bongo 41 za marehemu. Kifundo kimoja kidogo ndani ya hipothalamasi, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo, kilikuwa kikubwa zaidi ya mara mbili kwa wanaume waliodhaniwa kuvutiwa na wanawake, kuliko kwa wale 19 waliojulikana kuvutiwa na wanaume. Lakini hao 19 wote walikufa kwa UKIMWI, na ubongo wa mtu mzima hauonyeshi kama tofauti ilizaliwa naye au ilikuja baadaye. William Byne aliporudia mwaka 2001, tofauti ya wanaume na wanawake ilisimama imara; ya mvuto ilikuwa hafifu, na idadi ya seli haikutofautiana. LeVay mwenyewe alisema wazi kuwa hakuwa amethibitisha chanzo.

Kuku wa kisasa, pampasi na chanjo?

Hakuna utafiti unaovihusisha. Kuku wa kisasa hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi vingi na chakula chake, na watu wanaovutiwa na jinsia yao walikuwepo kabla hajafika sokoni. Pampasi huleta vipele ikikaa na mkojo. Chanjo mpelekeni mtoto.

Na jini mahaba?

Hapimiki maabara, kwa hiyo sayansi haiwezi kusema lolote juu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba nimeona vijana wakifungiwa, wakifukizwa mpaka wakakosa pumzi, wakipigwa ili kinachodaiwa kiwatoke. Kilichotoka ni afya yao.

Jambo hili si la Wazungu?

Kilichotoka kwa Wazungu ni sehemu kubwa ya utafiti. Watu wenyewe wako kila mahali. Mwaka 1899 Michael Haberlandt, mwana-ethnografia wa Austria, alichapisha makala juu ya wanaume na wanawake wa Unguja wanaovutiwa na jinsia yao. Lugha yake ilikuwa ya dharau na ya kibaguzi, lakini aliandika kabla ya sinema na kabla ya intaneti. Kisiwani Samoa, Paul Vasey amekuta wanaume wa namna hiyo wanaoishi kwa jina la fa'afafine, ambao nao kwa kawaida wana kaka wengi, na ambao huwahudumia watoto wa ndugu zao kuliko wajomba wengine. Baadhi ya wanasayansi hudhani huduma hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini mvuto huu haujatoweka duniani ingawa wengi wao hawazai.

Afrika imezungumza pia. Mwaka 2014, Rais Museveni aliwauliza wanasayansi wa Uganda kama ni jambo la kuzaliwa. Wakamjibu kuwa hakuna jeni moja na kwamba si ugonjwa, lakini wakaongeza kuwa linaweza kujifunzwa, naye akatia saini sheria ya kupinga ushoga. Mwaka uliofuata Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini, ikishirikiana na ya Uganda, ikatoa ripoti ndefu iliyopitia ushahidi wote. Ilisema kuna mchango mkubwa wa kibaiolojia, na haikuona ushahidi kwamba malezi ya wazazi ndiyo chanzo, wala kwamba mtu huambukizwa na marafiki. Ningependa ripoti ile isomwe katika kila chuo chetu cha ualimu.

Wasichana mbona hawatajwi?

Kwa sababu wamechunguzwa kidogo, na ni aibu kwa sayansi. Kinachojulikana ni kwamba mvuto wa wanawake, kwa wastani, unaweza kuhama zaidi. Lisa Diamond aliwafuatilia wanawake 79 kwa miaka kumi, na wengi wao walibadilisha namna wanavyojitambulisha. Hawakubadilika kwa kuamua wala kwa kushurutishwa.

Anaweza kubadilishwa? Tukimwozesha je?

Mwaka 2001 Robert Spitzer, daktari wa akili aliyeheshimika Marekani, alitangaza kuwa baadhi ya watu 200 aliowahoji kwa simu walikuwa wamebadilika. Kazi yake ikanukuliwa dunia nzima. Mwaka 2012 aliiomba radhi jamii ya watu hao, akasema hakuwa na njia ya kujua kama waliyomwambia yalikuwa kweli. Mwaka 2013 Exodus International, shirika kubwa la Kikristo lililoahidi mabadiliko, lilijifunga, na kiongozi wake Alan Chambers akaomba radhi. Shirika la Afya Duniani liliondoa mvuto huu kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo hakuna daktari mwenye dawa yake.

Kuhusu kuozesha, sikilizeni. Mnampeleka msichana wa watu, aliyepambwa na kuimbiwa, kwenye ndoa ambayo mume hamtaki na hawezi kusema kwa nini. Atajiona ana kasoro. Ataogeshwa dawa, ataitwa tasa. Ninyi ndio mtakuwa mnajua sababu, na mtanyamaza. Hilo ndilo kosa la malezi ninaloweza kulithibitisha.

Kuna kipimo cha kumjua mtu?

Hakuna. Si damu, si urefu wa vidole, si mwendo, na kile kipimo cha kuvua watu nguo hospitalini hakionyeshi mvuto hata chembe.

Kuna mtu amefanya utafiti huu hapa Tanga?

Wa chanzo, hakuna. Mwaka 2014 Michael Ross, Joyce Nyoni na wenzao walichapisha utafiti wa wanaume 300 wanaolala na wanaume, 200 wa Dar es Salaam na 100 wa Tanga, lakini ulihusu maambukizi ya VVU. Asilimia 11 ya wale wa Tanga walikutwa na virusi, na zaidi ya 30 ya wale wa Dar. Ni kazi muhimu, kwa maana mtu anayeogopa kufika kliniki hafi peke yake. Ila haikuuliza wangapi wana kaka, mapacha wao wako vipi, wala walijijua lini.

Uchambuzi ule wa watu 477,522 ulikuwa wa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote, na familia zetu bado zina watoto sita, saba, wa tumbo moja, jambo ambalo Ulaya wamelikosa. Swali la kaka wakubwa lingejibiwa hapa haraka kuliko Kanada. Kinachozuia ni kwamba hakuna atakayejaza dodoso la kweli akijua karatasi ile inaweza kumfikisha mahakamani.